Milio Minne Kati ya Kasulu na Kibondo

Nilifika Kasulu nikiwa na sanduku la bati, barua ya kupangiwa kazi, na Kiswahili cha Kondoa ambacho wenyeji walikisikiliza kwa adabu halafu wakaendelea na Kiha chao. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Sikuwa nimewahi kuona mji ambao ukungu unakaa barabarani mpaka saa nne asubuhi. Siku ya kwanza nilivaa khanga mbili juu ya gauni, na bado nilitetemeka nikiwa nimeketi mbele ya swichibodi ya posta.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu. Miaka ile ya sabini simu hazikuwa nyingi. Pale mjini zilikuwepo chache, na kila moja ilikuwa na waya wake mpaka kwangu: ya mkuu wa wilaya, ya hospitali ya misheni, na za ofisi mbili tatu. Hizo hazikunipa taabu. Lakini kulikuwa na waya mmoja mrefu uliotoka mjini kuelekea kaskazini, ukipita juu ya mashamba ya mihogo na maharage. Waya huo ulibeba simu nne za vijijini: kituo kidogo cha polisi, zahanati, mahakama ya mwanzo, na ghala la ushirika. Yangu ilikuwa ya tano.

Mtu wa leo hawezi kujua jambo hili bila kuelezwa. Ukizungusha hendeli kwenye simu moja ya waya ule, kengele za simu zote zililia kwa pamoja. Kwa hiyo kila simu ilipewa mlio wake. Mlio mrefu ulikuwa kuzungusha hendeli mara nyingi bila kuacha. Mlio mfupi, mzunguko mmoja tu. Mlio mrefu mmoja ulikuwa wangu. Mirefu miwili, polisi. Mifupi miwili na mrefu mmoja, zahanati. Kila mtu aliyekaa karibu na simu aliusikia mlio wa mwenzake na kuuacha upite, kama unavyosikia mtu akiitwa nyumba ya jirani. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na ulifanya kazi vizuri.

Kibondo nako walikuwa na waya wao ulioshuka kusini, wenye simu tano vilevile pamoja na swichibodi. Kati ya mwisho wa waya wetu na mwisho wa waya wao palikuwa na pengo la msitu. Nikitaka kuzungumza na Kibondo, simu ilibidi izunguke kupitia Kigoma mjini, na ikifika sauti imechoka, huambulii kitu. Mtu akija dirishani kuomba Kibondo asubuhi, nilimwambia aende sokoni, amalize shughuli zake, kisha arudi.

Kiangazi kimoja mafundi wa laini wakaja kuziba lile pengo. Kati yao alikuwemo mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa amevuka mpaka na mke wake mwaka wa mauaji ya Burundi. Huko kwao alikuwa fundi wa nyaya. Hapa aliandikishwa kama kibarua wa kupanda nguzo, lakini baada ya wiki moja hata msimamizi wake alikuwa akimwuliza la kufanya. Nguzo ya mwisho ilipokwisha kusimama, yeye ndiye aliyepanda na kufunga waya wa Kasulu kwenye waya wa Kibondo.

Nilizungusha hendeli. Sauti ya mwanamume ikaja, nzito na safi.

"Kasulu! Nakusikia kama uko jikoni kwangu!"

Alikuwa opereta wa Kibondo. Mkuu wetu wa ofisi, mtu wa makamo kutoka Pwani asiyependa kelele, aliinua mikono na kushangilia. Siku hiyo tulijiona tumeumaliza umbali.

Kesho yake mambo yakaanza kuharibika. Niliita mahakama. Karani akainua, "Mahakama hapa." Na sauti nyingine juu yake, "Mahakama hapa."

"Nani huyo?" akauliza wa kwanza.

"Ni mimi mahakama. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mahakama! Ondoka kwenye simu ya serikali!"

Walibishana mpaka hakimu wa upande mmoja akaja kuuliza kinachoendelea. Mimi nilicheka hadi machozi. Sikujua kwamba ningelia machozi mengine kwa jambo hilohilo.

Sababu ilikuwa rahisi. Kasulu na Kibondo tulikuwa tumenakili milio yetu kutoka karatasi ileile ya zamani ya maelekezo. Polisi wa kwao walikuwa mirefu miwili, kama wetu. Zahanati yao ilikuwa mifupi miwili na mrefu mmoja, kama yetu. Nyaya zilipokuwa mbali mbali, hakukuwa na neno. Zilipokuwa waya mmoja, kila jina likawa na wenyewe wawili. Orodha ya Kibondo nilitumiwa kabla ya kuunganishwa. Niliiweka kwenye droo bila kuilinganisha na yetu. Nilidhani opereta wa Kibondo angebadilisha ya kwake, na yeye akadhani ningebadilisha ya kwangu.

Asubuhi moja ya Jumanne kengele yangu ililia. Sauti ilikuwa mbali na inakatika. "Zahanati hapa. Mti umemwangukia mtu. Leteni gari..." Kisha kimya. Mvua ilikuwa imenyesha, na waya uliolowa hukata maneno. Nikazungusha mifupi miwili na mrefu mmoja ili nihakikishe.

"Zahanati hapa," ikajibu sauti safi kabisa.

"Mnahitaji gari la hospitali?"

"Tunahitaji sana! Tangu juzi tunaliomba!"

Nikamjibu gari linakuja; mganga wa upande wetu, ambaye mvua ilikuwa imemkata sauti, alilisikia jibu hilo akadhani ni lake. Niliunganisha hospitali ya misheni, nikamwambia dereva wa Landrova aende. Aliponiuliza wapi, nikamtajia zahanati ya upande wa Kibondo, kwa maana sauti ile niliitambua. Neno moja tu sikuliuliza: una mgonjwa gani?

Gari lilikwenda mbali kaskazini, likamkuta mama mwenye jipu la shavu, aliyekuwa akingoja tangu juzi kwa haki yake. Mtu aliyeangukiwa na mti alikuwa zahanati ya upande wetu, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Alilala kwenye machela chini ya baraza mpaka alasiri, ndugu zake wakamwinua mabegani na kuanza kutembea naye. Walipofika hospitali, mguu haukuweza kuokolewa.

Nilikwenda kumwona siku ya nne. Alikuwa mkulima wa maharage, kijana wa rika langu, mke wake ameketi sakafuni na kikapu cha viazi. Nilijitambulisha.

"Wewe ndiye wa simu?" akauliza.

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

"Mganga alinishikilia mkono akaniambia amepiga simu, na simu imesema gari linakuja." Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kwa nini simu ilisema hivyo?"

Nilimwomba radhi. Mke wake akanipa kiazi, nami nikakila nikiwa nimesimama, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Niliporudi ofisini niliita Kibondo.

"Baba, shikamoo. Lazima mbadilishe milio yenu."

"Marahaba, binti. Milio yetu ilikuwepo kabla wewe hujajua kufunga viatu. Badilisheni ninyi."

"Mtu amepoteza mguu."

"Nimesikia, na nimemwombea kanisani. Lakini huku watu wameizoea milio yao. Ukimwondolea mtu mlio wake ni kama umembadilisha jina."

Waya ule haukuwa na siri. Nilisikia pumzi za watu wengine kwenye laini, halafu askari mmoja wa upande wa Kibondo akashindwa kujizuia: "Usikubali, mzee! Sisi ni mirefu miwili daima!" Askari wa upande wetu naye akajibu, na ikawa vita ya polisi kwa polisi. Nikakata.

Baada ya siku mbili za kubembelezana opereta wa Kibondo alikubali jambo dogo. Simu zote za Kibondo zingeongezewa mkia: mlio mfupi mmoja mwishoni. Zahanati yao iwe mifupi miwili, mrefu mmoja, na mfupi mmoja. Niliona tumemaliza. Nilimwandikia kila mmoja karatasi.

Haikudumu hata wiki. Nikiita zahanati ya Kibondo, mganga wa upande wetu alisikia mifupi miwili, akasikia mrefu, akajua ni yeye, akainua simu kabla mkia haujafika. Mtu anayengoja kuitwa hangoji sentensi iishe. Tukarudi palepale, na sasa watu walikuwa wamechanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo.

Mkuu wangu alisema tuandike barua mkoani. Nilijua barua za mkoani zinavyosafiri.

Nilikuwa nimepanga chumba Heru Juu, nje kidogo ya mji, kwa mama mjane aliyelea wajukuu sita. Jumapili ile mchana tuliketi uani tukichambua maharage ya mbegu, na mimi nilikuwa nimejitenga na ungo wangu, nikiyapanga maharage na punje za mahindi juu ya mkeka. Haragwe lilikuwa mlio mrefu, punje ya mahindi mlio mfupi. Nilipanga mstari, nikaufuta, nikapanga mwingine. Mama mwenye nyumba alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, unapiga ramli?"

Nikamweleza. Alisikiliza nusu, maana wajukuu walikuwa wakipigana karibu na kisima. Akainuka kumwita mmoja. Jina la yule mtoto na la ndugu yake yalianza sawasawa, kama majina mengi ya huko, na kabla hajafika mwisho wa jina wote wawili walikuwa wameshafika mbele yake.

"Unaona?" akasema akiketi tena. "Kila siku hivi. Nimewaambia: msije mpaka nimalize. Hesabuni jina lote kwanza."

Alisema hivyo kwa kuchoka, si kwa kunifundisha. Akaendelea kuchambua. Lakini mimi niliutazama mkeka wangu na kuona kosa lililokuwepo siku zote. Mistari yangu ilikuwa na urefu tofauti. Mmoja ulikuwa na punje moja, mwingine mbili, mwingine tatu, mwingine nne. Mstari mfupi ulikuwa unakaa ndani ya mstari mrefu kama mtoto mgongoni. Nani angejua jina limekwisha?

Nikavuruga vyote. Nikaanza upya na mistari yenye vitu vitatu vitatu: maharage matatu, maharage mawili na punje moja ya mahindi, na kuendelea mpaka nikaishiwa. Ilikuwa minane. Simu zetu zilikuwa kumi. Nikajaribu vitu vinne vinne. Mistari iliendelea kuja, kumi, kumi na miwili, kumi na minne, na kila mmoja ulikuwa tofauti na wenzake. Ilifika kumi na sita ikakoma. Simu kumi, majina kumi na sita. Sita yangebaki akiba kwa vijiji vipya, maana watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kila kijiji kilikuwa kinaomba simu. Na sheria ingekuwa moja kwa wote: usiinue simu kabla hujahesabu milio minne.

Niliruka juu nikapiga kelele. Maharage yakamwagika. Mama mwenye nyumba akadhani nimeumwa na siafu.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa karibu kustaafu, kompyuta ya ofisi yetu iligoma. Fundi kijana alifungua kasha lake akaeleza kwamba vifaa viwili ndani vilikuwa vimepewa anwani moja ya kumbukumbu, kwa hiyo mashine ikiita kimoja, viwili vinaitika, na taarifa zinagongana. Aliongea polepole, kwa huruma, kama watu wanavyoongea na bibi zao. Nikamwambia kipe kimoja anwani nyingine iliyo wazi, na uhakikishe haiingii ndani ya ya mwenzake. Alinitazama sana. Sikumweleza nilikojifunzia.

Jumatatu ile, kesho yake baada ya maharage, nilimweleza mkuu wangu. Alizitazama karatasi zangu, akavua miwani, akaivaa.

"Hili linahitaji kibali."

"Ndiyo, mzee."

"Kibali kitachukua miezi." Alitazama dirishani. "Ijumaa kuna lori la chumvi ya Uvinza linalokwenda Kibondo. Wewe una siku mbili za likizo ambazo hujachukua. Mimi sijasema kitu."

Nilisafiri juu ya magunia ya chumvi pamoja na yule fundi wa laini, aliyekuwa anakwenda kukagua nguzo. Nilimwonyesha karatasi njiani. Tulipopita Busunzu alikuwa bado anaisoma, midomo ikitembea. Mwishowe akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, "Dada, zahanati mbili usizipe milio inayofanana. Siku ya mvua masikio yanakosea. Mpe mmoja huu, na mwingine kinyume chake kabisa. Penye mrefu pawe mfupi, penye mfupi pawe mrefu. Hata mtu akikosa mlio mmoja, hawezi kuangukia kwa mwenzake." Nikatoa kalamu nikasahihisha hapohapo juu ya gunia, lori likinirusha.

Kwa ile sauti yake, nilikuwa nimemtarajia opereta wa Kibondo awe jitu. Nilimkuta mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani mizito, amesimama kwenye kiti ili afikie soketi za juu za swichibodi yake. Aliponiona alishuka.

"Kumbe ni mtoto kabisa," akasema.

"Shikamoo, baba. Nimeleta maharage."

Nikayamimina mezani pamoja na punje za mahindi. Nilipanga mistari kumi na sita mbele yake. Alifuata kwa kidole, mstari hadi mstari, akitafuta miwili inayofanana. Hakuipata. Akarudia kutoka chini kwenda juu.

"Na wangu ni upi?" akauliza.

"Wewe chagua kwanza. Mimi nitachukua utakaobaki. Na Kasulu tunabadilisha wote, kama ninyi. Hakuna anayebaki na jina la zamani."

Nadhani neno hilo ndilo lililomlainisha. Alikaa. Lakini alikuwa bado na shaka. "Milio minne ni mingi. Karani atakumbuka? Askari, je? Askari hakumbuki hata alikoweka kofia."

Akiwa anasema hivyo, kidole chake kilikuwa kinagonga meza: mfupi, mfupi, mfupi, mrefu. Akarudia. Kisha uso ukabadilika. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwao, na mtu wa kwaya hawezi kugonga kitu mara mbili bila kukitafutia maneno.

"Da-wa-i-kooo," akaimba. "Umesikia? Dawa ikoo! Hiyo ni zahanati!"

Tukaanza kucheka. Kinyume chake kilikuwa mirefu mitatu na mfupi mmoja, akakipata mara moja: "Pooo-leee-maaa-ma." Zahanati ya pili, ya Kasulu. Mahakama mojawapo ikawa "Haaa-ki-haaa-ki." Ghala la ushirika upande wetu, mrefu mmoja na mifupi mitatu, likawa "Uuu-nga-u-mo." Kwa wale polisi wake wabishi alichagua mirefu yote minne, akaimba kwa sauti nzito ya besi huku amesimama wima: "Tuuu-kooo-maaa-chooo!" Watu waliokuwa dirishani wakingoja stempu walianza kuitikia. Mchana ule ofisi yake haikuuza kitu, ilikuwa kwaya tu.

Yule fundi wa laini alichukua baiskeli, akaufuata waya wote kurudi Kasulu. Kila penye simu alibandika karatasi na kuwafundisha wimbo wao, kwa Kiha pale walipotaka Kiha; kwa kuwa Kirundi chake kilikaribiana nacho, hakukuwa na aliyekosa kumwelewa. Alichukua siku tano. Aliporudi alikuwa mwekundu kwa tope kuanzia kichwani, na alinieleza kwamba katika kijiji kimoja wanawake waliotwanga walikuwa wanafuata mapigo ya "Pole mama", na yule askari aliyebisha sana ndiye aliyeimba kuliko wote.

Jumamosi asubuhi tukajaribu. Mkuu wangu alisimama nyuma yangu mikono kifuani. Nilizungusha milio minne ya ghala. Nilihesabu pumzi zangu.

"Ghala hapa." Sauti moja.

Nikaita polisi wa Kibondo. "Tuko macho!" Sauti moja, na kicheko. Polisi wetu. Sauti moja. Nikaita mahakama ya kwanza, na hapo nilifumba macho, maana makarani wale hawakuwa wamesemeshana tangu ule ugomvi.

"Mahakama hapa."

Nikangoja. Waya ulivuma kwa upepo wa huko milimani. Hakuna mwingine.

"Mahakama," nikasema, "uko peke yako?"

"Niko peke yangu, dada, namshukuru Mungu!"

Niliita zote. Kila aliyeitwa aliitika, na hakuitika mwingine. Ilipobaki zahanati yetu, nilizungusha mirefu mitatu na mfupi, na mganga yuleyule aliyekuwa amemshika mkono mkulima wa maharage akasema, "Pole mama hapa. Tumekusikia sisi, na ni sisi tu." Mkuu wangu alikohoa, akasema vumbi la kiangazi lina taabu, ingawa ilikuwa masika.

Majaribio ni majaribio. Kazi yenyewe ilikuja Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, mvua ikipiga bati mpaka nikaziba sikio moja. Mganga wa zahanati ya Kibondo aliita. Mama amejifungua, damu haikatiki. Sauti ilipotea katikati ya neno. Safari hii sikubahatisha. Nilizungusha mifupi mitatu na mrefu.

"Dawa iko hapa!"

"Ni mama aliyejifungua?"

"Ndiye! Haraka, dada!"

Landrova ya misheni, kwa bahati, ilikuwa imelala Kibondo siku hiyo kwa shughuli za chanjo. Nikamwita opereta mwenzangu. Hakuwa na neno hata moja la ziada. Alimtuma tarishi mbio, na baada ya muda mfupi gari lilikuwa barabarani. Kisha akaniita tena: mto katikati ya njia umejaa, gari haliwezi kuvuka peke yake. Nikazungusha mlio wa ghala la upande wao, lililokuwa karibu na mto, nikauliza kama kuna lori. Lilikuwepo, likipakia mahindi. "Liache mahindi," nikasema, "liende mtoni na kamba." Karani wa ghala hakuuliza mimi ni nani wa kumwamuru. Akalituma.

Simu tano, na kila moja ilikwenda mlango wake. Sufuria yangu ya chai pale kwenye jiko la mafuta ilikuwa haijachemka.

Kabla ya giza zahanati iliita. Mama amefikishwa Kibondo, ameongezewa maji, damu imekatika. Mtoto ni wa kike na anapiga kelele. Nilivua mkanda wa kusikilizia simu nikauweka mezani, nikaenda nje, nikasimama mvuani bila khanga wala kitu. Mkuu wangu alinitazama kupitia dirishani akaniacha.

Jumatatu yake, asubuhi, ulikuja mlio usiokatika. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mlio mmoja usio na mwisho maana yake ni watu wote wainue, kwa moto au kwa tangazo kubwa. Nilinyakua simu nikidhani kuna janga. Nilisikia vishindo vya simu zikiinuliwa kotekote, vijiji vyote vya Kasulu na Kibondo vikipumua ndani ya waya mmoja.

"Ni mimi, Kibondo," ikasema ile sauti nzito. "Hakuna moto. Nataka msikilize. Mnaimba milio hii mnadhani ni kazi yangu, kwa sababu maneno ni yangu. Maneno tu ndiyo yangu. Hesabu yenyewe aliifanya binti wa Kasulu, mimi nikimwambia hajajua hata kufunga viatu. Yule mama aliyejifungua ni jirani yangu. Jana nilimwona amekaa, anakula uji. Binti, nilikosea, na nimetaka kusema hivyo mbele ya watu waliosikia nikikutukana."

Kisha mtu fulani, nafikiri mkunga wa zahanati yetu, akapiga kigelegele, na mwingine akapokea upande wa Kibondo, na polisi wakaimba mirefu yao minne, na makarani wawili wa mahakama wakapongezana kana kwamba wamefunga ndoa. Nililia bila kujificha. Nilishika simu kwa mikono miwili nikawasikiliza.

Kelele zilipopungua, askari wa Kibondo akasafisha koo.

"Ndugu Opereta," akasema kwa heshima kubwa, "ukimaliza kulia, tafadhali niunganishie mkuu wa wilaya."

Nikapangusa uso kwa ncha ya khanga, nikachomeka waya, nikamwunganishia.